Opera ya Brigedi ya Urafiki

Ukimtaka Heidrun Pohle siku isiyo na mvua, usipoteze muda kugonga mlango wa nyumba yake pale Ebernroda. Vuka reli, fuata njia ya vibustani, utamkuta amekaa mbele ya kibanda chake, miguu ndani ya beseni, redio inaongea peke yake, na mumewe Lutz anagombana na konokono wanaomlia saladi. Mwanamke ana miaka sabini, ana magoti mawili yanayotabiri mvua kuliko serikali, na hana kinyongo na mtu. Wapo watu wa Mashariki ambao ukiwauliza habari za nchi mbili za Kijerumani kuwa moja watakushika shati wakulilie mpaka jioni. Heidrun hayumo. Kiwanda cha soksi kilipofungwa mwaka tisini na moja alilia siku mbili, akapenga makamasi, akaenda kuuza mafuta kwenye kituo cha petroli cha barabara kuu. Akauza miaka kumi na tisa, akastaafu, akashika jembe.

"Pale nilikuwa naona dunia inapita," husema. "Na hakuna aliyenifokea kuhusu kidole cha soksi."

Ila lipo jambo moja, na hilo asingekuambia hata ungembana kwenye mlango. Heidrun alitaka kuwa mwandishi.

Wala si mwandishi wa vitabu vinene vya kuegemezea mlango. Alitaka tu aandike kitu, watu wakisome, waseme huyu mama anajua. Na njia aliipata. Katika nchi ile ya zamani, kila kundi la wafanyakazi, wao wakiliita brigedi, lilikuwa na daftari lake. Daftari la jalada gumu, zito kama tofali. Humo zinabandikwa picha na kuandikwa nani kajifungua, nani kavuka lengo la mwezi, na brigedi imekwenda kutazama utamaduni gani. Kila mwezi wakubwa wanasoma, wanatoa alama, na mwisho wa mwaka brigedi iliyofanya vizuri inapata cheti, bango la ukutani na wiki moja ya mapumziko kando ya Bahari ya Baltiki. Brigedi ya Urafiki, wanawake kumi na mmoja wa mashine za kufunga vidole vya soksi, ilimsukumia Heidrun daftari kwa kuwa mwandiko wake ulisomeka. Walidhani wamempa mzigo. Kumbe wamempa ufalme.

Alhamisi, baada ya kazi, akawa anakwenda kwenye duara la wafanyakazi wanaoandika, maana hata hilo lilikuwepo. Lilisimamiwa na mwalimu mmoja mvuta kiko ambaye kila mara alimwambia lile lile: "Pohle, sentensi zako zinatembea vizuri. Tatizo haziendi popote."

Nchi mbili zilipounganishwa, watu wa Ebernroda wakatupa vitu kana kwamba nyumba inaungua. Wakatupa makochi, wakatupa redio zinazofanya kazi, wakatupa vitabu kwa masanduku, hata vile ambavyo hawakuwahi kuvisoma kiasi cha kuvichukia. Madaftari ya brigedi yakaishia kwenye kontena la taka nyuma ya kiwanda. Heidrun akapanda akaingia humo na sketi yake ya Jumapili, akatoka na madaftari saba na mchubuko mmoja. Baadaye akayapeleka kwenye makumbusho ya mji, chumba kimoja juu ya ofisi ya posta, na huko kwa miaka mingi wasomaji wake wakuu walikuwa panya.

Mpaka alipokuja Wiebke Harmsen.

Huyu Wiebke alitoka Hamburg, yaani Magharibi, mwembamba, mwenye haraka, mtengeneza dokumentari, filamu za mambo ya kweli. Alizaliwa Ukuta uliozitenga nchi mbili ukiwa umeshaanguka, lakini alikuwa anaujua kuliko waliogonga vichwa vyao juu yake. Televisheni ilimpa kazi: filamu ya miaka thelathini na mitano ya kuungana tena, kuonyeshwa nchi nzima jioni ya tarehe tatu Oktoba, siku ya muungano. Basi asubuhi moja ya mwezi wa nne akatokea bustanini, daftari la mwaka themanini na nne kifuani, amelikumbatia kama mtoto mchanga.

"Bi Pohle? Huu ukurasa umeuandika wewe?"

Heidrun akatoa miguu kwenye beseni, akavaa miwani, akatazama. Moyo ukamruka. Ulikuwa ukurasa wa opera.

"Mwandiko wangu huo," akasema.

"Nimesoma madaftari mia mbili. Mia mbili! Wameandika wamekwenda opera, ilikuwa nzuri, wakarudi. Lakini wewe…" Akaanza kusoma kwa sauti, huku Lutz amesimama na konokono mkononi. "'Malkia alipoanza kuimba tukasahau kwamba sisi ni mikono. Kwa saa tatu tulikuwa masikio matupu. Alichukua muda mrefu kufa, na kila tulipodhani amemaliza alivuta pumzi nyingine, tukavuta naye. Sieglinde wetu alilia waziwazi, na hakuna aliyemcheka.' Bi Pohle, mimi nimelia kwenye treni."

Heidrun akahisi joto linampanda shingoni. Miaka arobaini na moja alikuwa anamngoja mtu wa kulia kwenye treni.

"Filamu yangu yote itasimama juu ya ukurasa huu," Wiebke akaendelea. "Nchi iliyowapeleka washona soksi opera! Halafu nchi mpya ikawapeleka kituo cha mafuta."

"Kituo cha mafuta kilikuwa kizuri," akasema Heidrun.

Wiebke hakusikia. "Tutakwenda kwenye ukumbi ule ule. Utausoma wewe mwenyewe mbele ya kamera, umekaa kwenye kiti kile kile. Na hizi tiketi mlizobandika! Tazama hili doa. Ni chozi, siyo?"

Heidrun akalitazama doa.

"Ni kitu cha majimaji," akasema.

Sasa wewe msomaji uambiwe lile doa ni la nini, maana msichana hakuambiwa. Lilikuwa mafuta ya kitimoto.

Ilikuwa Januari, baridi ya kukata masikio. Brigedi nzima ilipanda basi la kiwanda kwenda opera ya mjini, nywele zimetengenezwa, midomo imepakwa rangi. Njiani wakapita kijiji cha baba yake Sieglinde, na siku hiyo mzee alikuwa anachinja nguruwe wa mwaka. Kama wewe huli, ruka mistari michache, hakuna atakayekuuliza. Kwa watu wa kule siku ya kuchinja ni sikukuu: sufuria kubwa linachemka uani, soseji zinajazwa zikiwa bado na moto, supu inagawiwa kwa jirani, na kila anayepita hupewa kikombe kidogo cha pombe kali ili asigande. Sieglinde akamwambia dereva asimame dakika kumi tu, amsalimie baba. Dakika kumi zikawa saa sita nzima. Mama wa watu na gauni la hariri anashika utumbo, mwingine anasaga nyama, Sieglinde mwenyewe alikabidhiwa kilo nane za vitunguu akavikata huku machozi yanamtiririka kama bomba. Opera ilikumbukwa na mtu mmoja tu, Heidrun, na aliikumbuka wakiwa njiani kurudi, soseji mapajani: daftari litaandikwa nini?

Akachana tiketi kwa mkono wake, kama wanavyochana mlangoni. Akachukua kile kijitabu cha onyesho kilicholetwa pamoja na tiketi, akasikiliza muziki wa redio Jumapili nzima, akaandika. Ndiyo mara ya kwanza sentensi zake kwenda mahali.

Kwa hiyo alipoondoka Wiebke, Heidrun hakuwa na raha. Akisema ukweli, ukurasa wake pekee uliowahi kumliza mtu unatupwa. Asiposema, atasomea nchi nzima uongo machoni pa kamera. Akampigia simu Sieglinde, ambaye ndiye pekee wa brigedi aliyebaki na miguu ya kutembelea. Sieglinde akaja mbio na baiskeli yake ya magurudumu matatu.

"Shoga, umeze ulimi," akasema kabla hajashuka. "Tunakwenda, tunakaa, tunapigwa picha, tunarudi. Mimi kanisani nimeshalala mara ngapi na padri anasema nina imani? Opera ndiyo itanishinda?"

"Ni televisheni, Siggi. Ni uongo."

"Uongo gani? Nililia, sikulia?"

"Ulilia vitunguu!"

"Umeandika vitunguu? Hukuandika. Umeandika nililia. Basi nililia. Na nimeshalipia nywele, nakuonya."

Siku ikafika. Ukumbi wa opera ulikuwa mtupu, viti vyekundu safu kwa safu, na watu watatu wa filamu: Wiebke, mpiga picha asiyesema, na mtu wa sauti aitwaye Korbinian, jitu la Bavaria lenye ndevu, kipaza sauti chake kama brashi ya kufagilia paa. Wakawaweka Heidrun na Sieglinde safu ya kumi na nne, kama tiketi zinavyosema. Kamera ikawaka.

"Mlikumbuka nini mlipoingia leo?" Wiebke akauliza kwa sauti ya chini, kama yuko wodini.

Kabla Heidrun hajafungua mdomo, Sieglinde akaanza. Na nawaambia, huyu mama akianza hazimiki.

"Lo! Kila kitu! Mbele yangu alikaa jibaba na kofia, nikamwambia vua kofia hiyo, mimi nimetoka mbali! Halafu wakaja waimbaji, kama themanini hivi, na yule mfalme…"

"Malkia," Heidrun akanong'ona.

"Malkia na mfalme wake. Akaimba, akaimba, halafu akapanda farasi."

Heidrun akageuka taratibu.

"Farasi mweupe," Sieglinde akasema, anaona mambo yanamwendea. "Farasi wa kweli! Akazunguka jukwaa mara mbili, mkia huu hapa, na malkia huku anaimba tu, hata hakushika hatamu…"

"Hakukuwa na farasi," akasema Heidrun.

"Alikuwepo, Heidi. Wewe ulikuwa umeinama."

"Malkia amelala kitandani anakufa! Ukurasa mzima anakufa kwa utulivu, mshumaa mmoja unawaka, wewe unaniletea farasi! Atampandaje farasi mtu ambaye hata pumzi hana?"

"We unajuaje kama hakumpanda?"

"Kwa sababu opera hiyo nimeitunga mimi!"

Ukumbi ule umejengwa ili mtu akisema neno jukwaani lisikike mpaka kiti cha mwisho. Hili lilisemewa safu ya kumi na nne na likasikika vilevile. Sieglinde akafunga macho. Mpiga picha asiyesema akasema, "Aisee."

Basi Heidrun akamwaga yote: basi, uani, sufuria, vitunguu, doa. Alipomaliza kifua kilikuwa chepesi. Korbinian, ambaye kumbe ni mtoto wa mchinjaji, akainama na kipaza sauti chake.

"Kwenye ile soseji ya ini," akauliza, "mlitia majani ya majorana au bizari?"

"Majorana," akasema Sieglinde. "Sisi siyo washenzi."

Wiebke hakucheka. Alikaa kwenye kiti cha pembeni, daftari mapajani, akalifunga.

"Bi Pohle, siwezi kuutumia," akasema. "Naomba unielewe. Ni dokumentari. Nitawaambiaje watu huu ndio mwaka themanini na nne, na haukutokea? Upande mmoja watasema, si mnaona, kila kitu kule kilikuwa uongo. Upande wa pili watasema namdhihaki mama wa watu. Nautoa."

"Wote?"

"Wote."

Kwenye gari la kurudi Sieglinde alikuwa na neno lake moja tu: "Farasi alikuwa mzuri, lakini." Heidrun hakuwa na majuto ya kusema kweli. Alikuwa na majuto ya ukurasa, kama mtu aliyezika kuku wake bora.

Wiki mbili zikapita. Lutz akaona mkewe anapalilia mahali palipopaliliwa. Akamwambia, "Bibie, kama ni dhambi inakusumbua, nenda kwa aliyedanganywa. Konokono hawakukosea kitu."

Aliyedanganywa alikuwa hai bado: Roland Quaas, aliyekuwa mkubwa wa utamaduni katika chama cha wafanyakazi pale kiwandani. Yeye ndiye aliyesoma madaftari yote na kutoa alama. Alikuwa na miaka themanini na saba na ndege wanne wa tunduni, na nusu ya mji bado ilimwamkia kwa woga wa mazoea. Heidrun akaoka keki ya siagi, akavaa vizuri, akaenda saa tisa, saa ya kahawa.

"Mzee Quaas, nimekuja kuungama."

"Mimi siyo padri, Pohle. Nilikuwa mtu wa kamati."

"Ile opera ya mwaka themanini na nne. Hatukwenda."

"Najua. Weka keki hapo."

Heidrun akabaki na sahani hewani. "Unajua nini?"

"Najua hamkwenda. Hakuna aliyekwenda. Jioni ile mabomba ya kupashia ukumbi joto yalipasuka, onyesho likafutwa. Barua ilifika mezani kwangu siku nne baadaye: wanaomba radhi, turudishe tiketi tubadilishiwe tarehe. Na pembeni ya barua daftari lako, ukurasa mzima, malkia anakufa polepole na wewe unamhesabia pumzi."

"Mungu wangu. Na ukatupa alama tisini na nane!"

"Mbili nilikata," akasema mzee, anakata keki. "Uliandika kwamba ukumbini kulikuwa na joto zuri."

Heidrun akakaa bila kukaribishwa.

"Kwa nini hukusema?"

"Ningesema ningeandika ripoti. Ningeandika ripoti ningeulizwa mwaka ule wote niliangalia nini. Hilo moja." Akatafuna, akawatazama ndege. "La pili, daftari nililipeleka nyumbani. Marehemu mke wangu, Edeltraud, alilisoma pale jikoni amesimama, chakula kinaungua. Akaniambia, Roland, miaka kumi na minane ya ndoa hujawahi kunipeleka opera. Ikabidi nimpeleke, mwezi wa tatu, mabomba yameshatengenezwa. Opera ile ile. Tukitoka nikamuuliza, haya, umefurahi? Akasema, ya yule mwanamke wa soksi ilikuwa nzuri zaidi."

Heidrun Pohle, ambaye kwa miaka kumi na tisa aliwarudishia madereva wa malori matusi yao kwa riba, aliuliza kama mtoto.

"Alisema hivyo kweli?"

"Alisema."

"Sema tena."

"Ilikuwa nzuri zaidi."

"Yote, mzee. Tangu pale 'ya yule mwanamke.'"

Mzee akamrudishia mara tatu, na keki ikaisha.

Jioni ile ile Heidrun akampigia Wiebke. Akamweleza mabomba, barua, alama mbili, Edeltraud jikoni.

"Kwa hiyo," Wiebke akasema, "aliyeandika alijua haikutokea. Aliyesoma alijua haikutokea. Na mtu mmoja akaenda opera kweli kwa sababu yake."

"Wawili. Na Roland alikwenda."

"Bi Pohle, mimi sijui tena filamu yangu inasema nini."

"Mwanangu, ilikuwa inajua mno."

Jumamosi Wiebke alikuwa Ebernroda na kamera, na Korbinian, aliyeomba mwenyewe apelekwe kwenye ule ua wa baba yake Sieglinde. Mzee Quaas alirekodiwa akiwa na tai na ndege wake wakampigia kelele katikati ya kila sentensi. Heidrun alirekodiwa mbele ya kibanda. Wiebke alimpa daftari, akamwambia asome ukurasa wote, asiruke kitu, halafu aendelee kusimulia ya uani bila kupumzika katikati, ili mtu asijue mlango wa kutoka opera kuingia uani uko wapi. Akasoma. Lutz akazima redio, kitu ambacho hakuwa amekifanya tangu kombe la dunia.

Siku chache kabla ya tarehe tatu, Wiebke akaileta filamu ionyeshwe kwanza kwa wenyewe, Jumapili mchana, kwenye ukumbi wa kikosi cha zimamoto. Mji ulijaa. Watu walikaa mpaka kwenye ngazi za gari la moto. Ukurasa ukasikika wote, neno kwa neno, sauti ya Heidrun ikitembea juu ya viti vitupu vya opera, kisha polepole juu ya ua mtupu wa kijijini, na malkia akafa vizuri bila farasi. Uliposemwa mshumaa, ukumbi mzima ukatulia. Mtu mmoja nyuma akapenga. Lilipofika doa, wakacheka hadi wengine wakasimama. Sieglinde alisimama pia, akapunga mkono kama malkia mwenyewe, na nywele zake zilistahili kila senti. Na chini ya uso wa Heidrun, kwenye kioo, waliandika jina lake na neno moja: mwandishi.

"Wangeongeza na petroli," Lutz akanong'ona.

"Nyamaza wewe," akasema Heidrun, na akampiga kofi la paja, la mapenzi.

Taa zilipowashwa watu walimzunguka. Wakampa mkono, wakabishana mbele yake kuhusu majorana. Alipopata nafasi ya kunywa maji, akamkuta mama mmoja amesimama pembeni, mzee wa rika lake, pochi ameishika kwa mikono miwili.

"Mimi natoka Kaltbach," akasema mama yule. "Kiwanda cha matofali. Brigedi yetu nayo ilikwenda opera ile, mwaka uliofuata. Nami ndiye niliyeshika daftari. Ulivyomweleza yule malkia, dada yangu, ndivyo nilivyomwona, hivyo hivyo. Ile pumzi ya mwisho. Kila kitu."

Heidrun akamtazama. Alimtazama sana, kwenye macho, kisha kwenye mikono iliyobana pochi.

"Mlikula nini?" akauliza.

Mama wa Kaltbach akaangalia kushoto, akaangalia kulia.

"Samaki," akasema kwa sauti ya chini. "Walikuwa wanamwaga maji ya bwawa la kijiji siku hiyo, kuvua wote. Tulisema tunasimama dakika tano."

Heidrun akavuta viti viwili, akakaa kimoja, akampapasia kingine kwa kiganja.

"Kaa hapa, mama. Anza na basi."